Kuzoea na Kuzoeana: Wanafunzi wa Kwanza wa Nyanza-Lac na Historia ya Masomo ya Mbali

Utangulizi

Tunapozungumzia masomo ya mtandaoni, mara nyingi tunaanza na vitu na kuishia kwenye vitu: simu, umeme, kompyuta, bei ya mega. Mazungumzo hayo ni ya haki. Nchini Burundi takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ndiye mwenye umeme nyumbani, na kwetu Nyanza-Lac, mji wa wavuvi na wakulima wa michikichi kusini mwa mwambao wa Burundi, mwanafunzi huweza kupeleka simu dukani kuchajiwa asubuhi akaifuata jioni. Lakini vitu havielezi yote. Wako wanafunzi wenye simu nzuri walioacha masomo katika muhula wa kwanza, na wako watatu wenye simu moja waliomaliza.

Kwa hiyo swali ninalouliza linahusu moyo zaidi kuliko mkoba. Mwanafunzi ambaye ni wa kwanza kwao kufika chuo huzoeaje kusoma akiwa mbali na mwalimu, mbali na wenzake, mbele ya kioo cha simu? Nitajaribu kulijibu kwa njia ya historia, na nina sababu mbili. Kwanza, hali ya kuwa "wa kwanza" haikudondoka kutoka mbinguni. Kwenye mwambao wetu ina tarehe na ina chanzo. Pili, kusoma mbali na mwalimu hakukuanza na intaneti. Katika Afrika Mashariki watu walisoma kwa posta, kwa redio na kwa setilaiti kabla hatujazaliwa, na wengi wao walikuwa wa kwanza kwao vilevile.

Kiswahili kinanipa maneno mawili yatakayoniongoza. Kuna kuzoea, ambako mtu hufanya peke yake: huzoea baridi, huzoea kazi, huzoea chombo. Na kuna kuzoeana, ambako hakuwezekani bila mwenzako. Hoja yangu ni kwamba wanafunzi wa kizazi cha kwanza waliofaulu katika masomo ya mbali, tangu enzi za redio hadi leo, walianza kwa kuzoeana, na kuzoea kukafuata. Pale ambapo waliopanga masomo walidhani kuzoea kunatosha, wanafunzi waliumia kimyakimya.

Kwa nini sisi ni wa kwanza

Fomu za kujiunga na masomo huuliza kama mzazi wako amefika chuo kikuu. Mimi hujibu hapana, na jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo halielezi kilichotokea, kwa sababu babu yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza kwenye mwambao wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, ambako waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji makubwa zaidi, yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Waliolengwa hasa walikuwa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, mapadre, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu kule Bujumbura. Idadi ya waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huyaita mambo ya mwaka ule Ikiza, yaani janga.

Watu wapatao 150,000 walikimbia nchi, wengi wao wakaenda Tanzania, ambako walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Bibi yangu alivuka na watoto wanne, na hakuchukua hata daftari moja la mumewe, ambaye hakuonekana tena. Baba alikuwa na miaka miwili. Alikulia Katumba, akamaliza darasa la saba na hakuendelea. Bibi hakumzuia kusoma, lakini hakumsukuma pia. Katika familia nyingi zilizopitia mwaka ule, elimu ilikuwa imegeuka kuwa kitu kinachokufanya utafutwe. Watafiti walioandika juu ya Burundi wameeleza hofu hiyo: mzazi aliyeona waliosoma wakichukuliwa hakuwa na haraka ya kumtoa mwanawe afuate njia ileile.

Ikumbukwe kwamba Ikiza halikuwa pigo la mwisho. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, vita viliwapeleka wengine katika kambi za Kigoma, na mwambao wetu ulikuwa miongoni mwa njia zao. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulifungua mlango wa amani, na tangu 2008 zaidi ya watu 50,000 kati ya wakimbizi wa 1972 na watoto wao walichagua kurudi, huku wengine zaidi ya 160,000 wakichukua uraia wa Tanzania. Sisi tulirudi. Nilizaliwa Katumba nikaletwa Nyanza-Lac nikiwa mtoto, na shule niliyoikuta ilifundisha kwa Kirundi na Kifaransa wakati mimi nilijua kuhesabu kwa Kiswahili.

Jambo jingine ni la mwaka 2005, serikali mpya ya Pierre Nkurunziza ilipofuta karo ya shule za msingi. Madarasa yalifurika. Tukifanya hesabu rahisi, mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule, akipita bila kurudia, alifika mlango wa chuo yapata mwaka 2018 au 2019. Maana yake ni kwamba kundi kubwa la watoto wa wavuvi na wakulima lilifika chuo katika miaka ileile ambayo dunia ilikuwa inahamishia madarasa kwenye kioo. Hawakupata muda wa kwanza kuzoea chuo, kisha kuzoea mtandao. Vyote viwili viliwajia siku moja.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo neno "kizazi cha kwanza" linapotudanganya kidogo. Linamchora mtu anayefyeka njia porini, mahali ambapo hapakuwahi kupitwa. Wengi wetu tunapita kwenye njia iliyokuwapo ikakatwa. Na mtu anayepita kwenye njia iliyokatwa hubeba mizigo miwili: matumaini ya waliobaki na woga wao. Mzazi wa aina hii anakuombea ufaulu, na papo hapo anatazama kama umeonekana mno.

Posta na redio

Tukiangalia masomo ya mbali kabla ya intaneti, tunakuta kwamba upweke ulikuwa tatizo tangu siku ya kwanza. University of London ilianza kuwaruhusu watu wasiohudhuria vyuo vyake kufanya mitihani yake mwaka 1858, na kwa njia hiyo watu wa makoloni mengi wakapata digrii bila kukanyaga London. Afrika Kusini, UNISA iligeukia masomo ya posta mwaka 1946, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo wafungwa wa kisiasa wa Robben Island. Wafungwa wale walikatazwa kuazimana vitabu, lakini waliendelea kufundishana, hata wakiwa kazini kwenye machimbo ya chokaa. Barua ilileta masomo, na wenzao ndio waliowapa nguvu ya kuyamaliza.

Karibu zaidi na kwetu, University of Nairobi ilikuwa na kitengo cha masomo ya posta tangu 1967, na Tanzania ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikafuata kampeni za redio. Kubwa kuliko zote ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu chepesi chenye picha, na kiongozi aliyepewa mafunzo ya siku chache. Kipindi kikiisha redio ilizimwa, na hapo ndipo somo lilipoanza: watu walijadiliana walichosikia, kisha wakakubaliana jambo la kufanya, kama kuchimba vyoo au kufukia madimbwi. Mtu aliyeona haya kwa kutojua kusoma alikuwa amekaa na majirani zake aliowajua, na aliposita, jirani alisema.

Mfano wa pili ni walimu wa UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na walimu hawakutosha hata kidogo. Serikali ikachukua makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafanya walimu huku wakisoma. Walifundisha shuleni chini ya macho ya walimu wazoefu, wakapokea masomo kwa posta na redio, wakatembelewa na wakufunzi, kisha wakaenda chuoni kwa majuma machache kumalizia. Wengi wao walikuwa wa kwanza kwao kuvuka darasa la saba. Ubora wa mafunzo yale umelalamikiwa sana, na sitautetea hapa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hakuna aliyeachwa na karatasi peke yake. Alikuwa na mwalimu mzoefu wa kumuuliza mchana, na mkufunzi aliyejua jina lake.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kilirithi sehemu ya hekima hiyo kwa kuweka vituo mikoani, kimoja kikiwa Kigoma, jirani yetu upande wa kusini kwenye ziwa lilelile. Kituo si darasa. Lakini ni mahali penye mlango, na mwanafunzi anayesoma peke yake kijijini anajua kuna mlango anaoweza kuugonga.

Setilaiti, nyaya na kambi

Intaneti iliingia vyuoni kwa kishindo, na kwa muda watu walisahau somo la redio. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, iliyorusha mihadhara ya maprofesa wa ng'ambo kwa setilaiti hadi vyuo vya Afrika. Kenyatta University ilikuwa mmoja wa washirika wa mwanzo, na makao makuu yakahamia Nairobi mwaka 2002. Wanafunzi walikaa chumbani wakitazama profesa kwenye televisheni, na mwenye swali alipiga simu. Hebu fikiria, msomaji mwenzangu, ujasiri unaotakiwa kwa mtoto wa kwanza wa ukoo wao kupiga simu ng'ambo mbele ya darasa zima ili aseme hajaelewa.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki kupitia baharini, ukifuatwa na mingine, na mtandao ukawa mwepesi kuliko ule wa setilaiti. Nchi zisizo na bahari kama yetu ziliungwa taratibu kupitia majirani. Sasa iliwezekana kusoma popote palipo na simu, na kwa mara ya kwanza iliwezekana pia kusoma bila kumwona mtu yeyote.

Kwa bahati, waliojaribu mapema zaidi mahali pagumu zaidi waligundua upesi kwamba hilo halitoshi. Mwaka 2010 mradi wa Wajesuti ambao leo unaitwa Jesuit Worldwide Learning ulianza kufundisha stashahada kwa mtandao katika kambi ya Kakuma, Kenya, na ya Dzaleka, Malawi. Wahadhiri walikuwa ng'ambo na cheti kilitolewa na Regis University ya Denver, Marekani. Katika kambi zote mbili wako Warundi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha na Wakongo na wengine. Wanafunzi walipokelewa kwa mkupuo mmoja, wakaanza pamoja na kwenda pamoja kwa miaka mitatu, katika kituo chenye kompyuta na wasimamizi wa palepale kambini. Mwaka 2013 ulianza mradi mwingine kule Dadaab, uliounganisha York University ya Kanada na vyuo vya Kenya vikiwamo Kenyatta na Moi. Nao ulichanganya masomo ya mtandaoni na ya ana kwa ana. Ukiitazama mipango hii miwili, utaona kikundi cha Mtu ni Afya kimerudi, safari hii redio ikiwa kompyuta.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kenya na Tanzania zilifunga shule na vyuo mwezi Machi. Vyuo vya Tanzania vikafunguliwa 1 Juni, huku Uganda ikichelewa kufungua shule zake zote hadi Januari 2022. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache duniani ambazo hazikufunga shule kabisa. Wengi husema tuliepuka usumbufu, na kweli tuliuepuka. Lakini naona tofauti moja ambayo haisemwi. Kampala au Nairobi, darasa zima lilihamia mtandaoni pamoja, na wanafunzi tayari walikuwa wanajuana sura, sauti na utani. Mwanafunzi wa Nyanza-Lac aliyejiunga na masomo ya mtandaoni baada ya hapo alihamia peke yake, na alikutana na majina ambayo hakuwahi kuona sura zake. Wao walikuwa wamezoeana kabla ya kuzoea. Yeye alitakiwa kuzoea bila mtu wa kuzoeana naye.

Hisia zenyewe

Wataalamu wamelitafutia jina jambo hili. Michael Moore, aliyewahi kufanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya katika miaka ya 1960, alikuja kueleza kwamba umbali katika masomo haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa mazungumzo: palipo na mazungumzo kidogo na ratiba ngumu isiyobadilika, mwanafunzi yuko mbali hata kama anakaa mtaa wa pili. Vincent Tinto naye aliandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi huacha chuo anapokosa kufungamana na maisha ya chuo. Maneno yao yananisaidia, lakini yote mawili yanamtazama mwanafunzi kutoka upande wa chuo. Mimi nataka kumtazama kutoka upande wa nyumbani, kwa sababu mwanafunzi wa mtandaoni ni mtu aliyeondoka bila kuondoka.

Anayekwenda Bujumbura kusoma huonekana. Anafunga godoro, anapanda basi, majirani wanamsindikiza hadi barabarani, na kuanzia siku ile mtaa mzima unajua yule ni mwanafunzi. Akirudi likizo hata akikaa bure anaheshimiwa, maana anapumzika. Anayesoma kwa simu hana godoro wala basi. Amekaa palepale, amekunja goti, anatazama simu, na vijana wote wa mtaa wanatazama simu. Katikati ya mhadhara anatumwa maji. Kwetu mama alikuwa akinikuta usiku nimeinamia mwanga, akauliza, "Mwanangu, bado unaongea na watu?" Hakuuliza kwa ubaya. Hakuwa na picha ya shule inayofanana na kile alichokiona.

Kutokana na hali hiyo huzaliwa hisia tatu ambazo nimeziona kwangu na kwa wenzangu. Ya kwanza ni hatia. Mega zimenunuliwa kwa pesa ya ndagala au ya chupa za mawese, na kila video isiyofunguka ni pesa ya watu iliyopotea. Mwenye hatia hathubutu kusema amechoka. Ya pili ni haya. Kufungua kamera ni kufungua nyumba: ukuta, nguo kwenye kamba, kuku anayepita. Kufungua maikrofoni ni kufungua historia, maana Kifaransa chetu tuliorudi kutoka Tanzania kinasikika kimepitia wapi. Namjua mwenzetu aliyekaa muhula mzima bila kusema neno, na si kwamba hakuwa na la kusema. Ya tatu ni kutojua kama uko sawa. Mtoto wa mwalimu akipata alama ndogo huambiwa nyumbani kwamba hilo ni jambo la kawaida mwaka wa kwanza. Wa kwanza wao akipata alama zilezile hudhani ameambiwa kwamba mahali pale si pake.

Na woga ule wa zamani nao upo, ingawa hautajwi kwa jina. Bibi aliposikia kwamba jina langu liko kwenye orodha ya chuo, aliuliza nani mwingine anaiona orodha hiyo. Wenzangu walicheka. Mimi nilielewa kwamba kwake neno orodha lina maana nyingine, na kwamba kumwambia asiogope hakutoshi.

Tulizoeaje, basi? Hakuna aliyetuelekeza. Tulikuwa wanne wa Nyanza-Lac, kila mmoja na fani yake, na wawili hatukuwa hata chuo kimoja. Tulianza kwa sababu ya pesa: mmoja akipakua masomo, wengine waliyapokea kwa bluetooth. Tulikaa Jumamosi kwenye ukumbi wa duka la kuchajia simu, mwenye duka akituacha kwa kuwa tuliwavuta wateja. Polepole tukaacha kuleta mafaili tu, tukaanza kuleta yaliyotushinda. Somo lililoandikwa kwa Kifaransa lilijadiliwa kwa Kiswahili, likabishaniwa kwa Kirundi, kisha likarudishwa kwa Kifaransa kwenye daftari. Yule aliyenyamaza muhula mzima alikuwa hodari kuliko sote wa kufafanua. Siku moja aliposoma alama yake mbaya kwa sauti na wengine wakatoa za kwao, nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza. Katika wiki iliyofuata aliuliza swali darasani mtandaoni, kamera ikiwa imefungwa, na hilo lilitosha.

Siku nyingine mama alipita akitoka sokoni akatuona wanne tumezunguka daftari, mmoja amesimama anaeleza. Alisimama kidogo, akasalimia, akaenda. Jioni ile sikutumwa maji. Alikuwa ameiona shule. Kikundi kilikuwa kimefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kilitufundisha sisi, na kiliwaonyesha wa nyumbani kwamba tunafundishwa.

Hata hivyo nisipake sukari. Kikundi kina ubaya wake. Kuna vikundi ambavyo kuzoeana kumegeuka mazoea: mmoja hufanya kazi ya nyumbani na watatu hunakili, na mwisho wa muhula wote wanne wanaitwa wanafunzi. Na kuna wanaoachwa nje, hasa wasichana. Kijana wa kiume akikaa dukani hadi saa mbili usiku hakuna anayeuliza. Msichana akifanya hivyo mtaa mzima unajibu bila kuulizwa. Hata Dadaab, pamoja na mipango yote, wanawake walikuwa wachache kuliko wanaume. Katika wanne wetu msichana alikuwa mmoja, na alibaki kwa sababu tulihamisha kikao kutoka jioni kwenda saa nne asubuhi, na kwa sababu kaka yake alikuwa mwenzetu. Asiye na kaka kikundini angefanyaje? Swali hilo linawahusu wanaopanga masomo kuliko linavyomhusu yeye.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba wanafunzi wa kwanza wa mwambao wetu wanaingia masomo ya mtandaoni wakiwa na historia mbili nyuma yao. Moja ni ya mnyororo uliokatwa mwaka 1972 na kukatwa tena 1993, ambayo inaeleza kwa nini nyumbani hakuna wa kuuliza na kwa nini furaha ya familia ina woga ndani yake. Nyingine ni ya masomo ya mbali katika Afrika Mashariki, inayotuonyesha kwamba vikundi vya redio, walimu wa UPE na wakimbizi wa Kakuma na Dzaleka walifika mbali kwa sababu mtu alikaa na mtu.

Kwa hiyo, chuo kinachompokea mwanafunzi wa mtandaoni kutoka Nyanza-Lac, Rumonge au Kigoma kifanye mambo matatu yasiyohitaji teknolojia mpya. Kimpe majina ya wenzake walio karibu naye kabla hakijampa neno la siri la kuingilia. Kipange saa na mahali ambapo msichana anaweza kufika bila kujieleza. Na kiwe na mtu mmoja, mwenye jina na namba, anayeweza kuzungumza na mzazi kwa lugha ya mzazi na kumweleza mwanawe anasoma nini, na jina lake limeandikwa kwenye orodha kwa ajili gani. Gharama ya mambo hayo ni ndogo kuliko ya kompyuta moja. Babu yangu alifundisha watoto sitini kwa ubao na chaki, naye alijua kwamba kabla ya somo la kwanza ni lazima kila mtoto aulizwe anaitwa nani.